Serikali na mwili wa raia: somo la Kasongo tangu mwaka 1905

Kila mara timu ya chanjo inapofika kijijini, au watu wa zoni ya afya wanapotangaza kwamba mgonjwa fulani atengwe, maswali mawili husikika chini ya mwembe. La kwanza: serikali ina haki gani ya kushika mkono wangu na kunidunga sindano? La pili mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini: serikali hiyo hiyo ilikuwa wapi mtoto wangu alipoungua na homa usiku kucha?

Familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare zinayauliza kwa uchungu zaidi. Mtu amepoteza nyumba, shamba na mbuzi. Amefikia kwa ndugu au kwa mtu asiyemjua. Hapo anakuja mtu mwenye fulana na daftari, anamwambia: leteni watoto, ni lazima.

Maswali hayo si ubishi wa watu wasiosoma. Wanafalsafa wa Ulaya wameyaandikia vitabu, mahakama za nchi kubwa zimeyatolea hukumu. Na sisi wa Maniema ya kusini tuna historia yetu inayoyajibu. Katika vitabu vya afya vya dunia, Kasongo inatajwa kwa mambo mawili makubwa: moja la mwaka 1905, lingine la miaka ya 1970 na 1980. Leo tunaeleza yote mawili, maana ukiyaweka pamoja unaona serikali inadai nini kwetu na sisi tunaidai nini.

Kabla ya serikali

Tuanzie Kabambare. Mwaka 1870, Mskoti David Livingstone alilala hapo wiki nyingi, miguu yake imejaa vidonda visivyopona. Hakukuwa na hospitali wala dispensari. Mwenyewe aliandika kwamba dawa iliyomsaidia ni jiwe la kijani la shaba, malakiti, lililosagwa juu ya jiwe pamoja na maji, kisha kupakwa kwenye kidonda kwa unyoya. Alikula chakula cha wenyeji na cha wafanyabiashara wa Kiswahili, akapona, na mwaka uliofuata akafika Nyangwe.

Hivyo ndivyo watu walivyotunzana. Nyumba ilimlisha mgonjwa, jirani alileta kuni, mganga alileta mizizi. Kwa kidonda na homa ya mtu mmoja, utaratibu huo ulifaa.

Lakini upo ugonjwa ambao nyumba moja haiwezi kuuzuia. Livingstone akiwa bado Kabambare, mwanzoni mwa mwaka 1871, watu kutoka pwani walimletea habari za kipindupindu kilichoua maelfu Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, alitoa kitabu mwaka 1876 akionyesha jinsi kipindupindu kilivyotembea Afrika ya Mashariki kwa njia za misafara. Na misafara hiyo mwisho wake ulikuwa wapi? Huku kwetu. Soko la Nyangwe lilikusanya maelfu ya watu kwa siku moja, kutoka kando zote mbili za Lualaba.

Hapo ndipo penye sababu ya kwanza ya kuwa na serikali katika mambo ya afya. Ugonjwa unaosafiri na bidhaa, na maji, na watu, unahitaji mkono mrefu kuliko wa familia. Mama hawezi kusafisha mto peke yake. Shefu wa kijiji hawezi kujua kilichotokea umbali wa siku kumi. Swali si kama serikali iwepo. Swali ni serikali ya namna gani.

Daktari aliyekuja na jeshi

Serikali ya kwanza ya Kizungu iliingia kwetu kwa vita. Jeshi la Leopold wa pili, mfalme wa Ubelgiji, likiongozwa na Dhanis, liliteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili. Ndani ya jeshi hilo alikuwamo daktari Mwingereza, Sidney Hinde. Alikuwa daktari na ofisa wa jeshi kwa wakati mmoja, na baadaye aliandika kitabu juu ya vita hivyo. Kwa hiyo daktari wa serikali tuliyemwona mwanzo alifika pamoja na bunduki. Wazee waliona vitu hivyo viwili siku moja.

Miaka kumi baadaye ugonjwa wa malale, ule wa usingizi, ulikuwa umetapakaa Kongo. Ulimaliza vijiji, na uliwatia hofu waliohitaji watu wa kuvuna mpira na kubeba mizigo. Leopold aliita wataalamu kutoka shule ya matibabu ya Liverpool, Uingereza. Walifika mwaka 1903. Wawili kati yao, Joseph Everett Dutton na John Todd, walipanda mto hadi Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, wakaendelea na Lualaba mpaka Kasongo.

Njiani walifanya pia uchunguzi wa homa inayorudi-rudi. Walithibitisha kwamba inaletwa na papasi, yule kupe anayejificha kwenye nyufa za kuta na sakafu ya udongo. Wote wawili waliugua homa hiyo. Todd alipona. Dutton alikufa hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Mdudu wa ugonjwa huo amepewa jina lake, na madaktari wa dunia nzima wanalitamka mpaka leo.

Tumpe haki yake: alikufa akitafuta jambo lenye faida kwa watu. Ila tuangalie pia ushauri uliotoka katika safari yao, maana huo ndio uliogusa shingo za wazee wetu.

Shingo, kibali na lazareti

Dutton na Todd waliona kwamba wagonjwa wengi wa malale huvimba tezi za shingo. Wakashauri kwamba watu wapapaswe shingo, wenye tezi wahesabiwe kuwa wagonjwa hadi uchunguzi uonyeshe vingine, na watu wa sehemu zenye ugonjwa wazuiwe kwenda sehemu zisizo nao. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya Leopold, na baada ya 1908 serikali ya Ubelgiji, ilifanya ushauri huo kuwa sheria. Watu walipangwa mstari mbele ya daktari. Msafiri alidaiwa kibali cha afya. Walioonekana kuwa wagonjwa walipelekwa lazareti, nyumba za kuwatenga, na nyingine zililindwa na askari.

Dawa ya wakati huo ilikuwa atoksili, yenye sumu ya aseniki. Iliwasaidia baadhi ya wagonjwa, na baadhi yao iliwapofusha macho. Huko Uele, kaskazini ya Kongo, watu walikimbilia porini timu ya daktari ikikaribia, na lazareti waliziona kama mahali pa kufia. Aliyeingia alitengwa na mke, watoto na shamba. Mara nyingi hakurudi.

Sasa tulinganishe tarehe. Siku saba tu kabla ya Dutton kufa Kasongo, tarehe 20 Februari 1905, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya mchungaji Henning Jacobson. Mchungaji huyo, wa mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alikataa chanjo ya ndui na akatozwa faini ya dola 5. Alipinga mpaka mahakama ya juu kabisa, akashindwa. Majaji walisema serikali inaweza kumlazimisha raia apate chanjo ili kuwakinga wengine. Lakini walisema pia kwamba uwezo huo una mipaka: usitumike kiholela, wala usizidi kile ambacho hatari yenyewe inahitaji.

Hoja ya kulazimisha ilikuwa ile ile huku na kule: kuwakinga wengi. Tofauti ilikuwa katika haki ya mtu anayelazimishwa. Jacobson alikuwa na wakili, jaji, na sheria inayomtambua kuwa raia. Adhabu yake ilijulikana tangu mwanzo: dola 5. Mtu wa Kongo aliyepelekwa lazareti miaka hiyo hakuwa na mahali pa kuuliza. Hakupiga kura, hakushauriwa, na aliyeamua ugonjwa wake ndiye huyo huyo aliyehitaji nguvu za mikono yake.

Nadharia zinasema nini

Wataalamu wa maadili wana njia kadhaa za kupima mambo haya. Tuzitaje kwa maneno yetu.

Ya kwanza ni hesabu ya faida ya wengi. Mwingereza Jeremy Bentham alifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta heri kubwa kwa watu wengi zaidi. Ukimtenga mgonjwa mmoja ukaokoa mia, umefanya vema. Nadharia hii ina nguvu, na serikali zote huitumia, ziseme zisiseme. Shida yake ni kwamba yule mmoja anakuwa namba. Na anayeshika daftari la hesabu anaweza kuhesabu mpira badala ya watu.

Ya pili ni ya John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru. Alisema sababu pekee ya kumlazimisha mtu mzima ni kumzuia asiwadhuru wengine. Kumtakia mema yeye mwenyewe hakutoshi. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye kipindupindu anaweza kuzuiwa asitie uchafu kwenye chemchemi ya kijiji. Lakini mwenye ugonjwa usioambukiza hulazimishwi kumpa dawa, unamshauri.

Ya tatu ni ile ya serikali kama baba. Waswahili husema: mgonjwa haulizwi uji. Aliye hoi, unamnywesha tu. Ni maneno ya huruma ndani ya nyumba, kwa sababu anayekupa uji ni mama yako, na amekesha nawe. Wakoloni walijifanya baba bila kukesha. Walitunywesha, na uji wenyewe ulikuwa na aseniki.

Ya nne ni ya Mjerumani Immanuel Kant: usimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia lengo lako. Kila mtu ana heshima isiyonunuliwa. Kutoka mzizi huo, pamoja na mingine, yametoka mafundisho ya leo ya haki za binadamu na ya kumwomba mgonjwa ridhaa yake.

Ya tano tunaijua bila kitabu: mtu ni watu. Ugonjwa wa jirani ni wangu pia. Kwa hiyo nakubali kubanwa kidogo kwa ajili yake, naye akubali kunibeba nikianguka. Neno zito hapo ni la mwisho. Kubanwa kunalipwa kwa kubebwa. Bila malipo hayo, kubanwa ni unyang'anyi.

Hatari ya serikali kutoweka

Mtu anaweza kusema: basi tuachane na serikali na sindano zake. Historia ya malale inakataza kusema hivyo haraka.

Mwaka 1930 wagonjwa wapya wa malale waliopatikana Kongo walizidi 30,000. Timu za kutembea vijiji ziliendelea mwaka hadi mwaka, zikiwa na vitabu vya majina, hadubini na dawa mpya. Kufikia 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, wagonjwa wapya walikuwa karibu 1,200 nchi nzima. Kazi hiyo ilifanywa kwa amri, na mara nyingi kwa kudharau watu, lakini iliokoa maisha.

Baadaye timu zilikosa magari, dawa na mishahara. Vita vikaja. Mwaka 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Ugonjwa ulikuwa umerudi karibu pale ulipokuwa wakati wa babu zetu. Hakuna aliyewafukuza watu wa afya. Walitoweka pole pole. Serikali isiyokuja inaua sawa na ile inayokuja vibaya. Tofauti ni kwamba haionekani ikiua.

Kisha hali ikabadilika tena. Timu zilifufuliwa kwa msaada wa nje. Uchunguzi wa dawa mpya ya vidonge, feksinidazole, ulifanywa zaidi hapa Kongo, kwa wagonjwa walioombwa ridhaa yao. Mwishoni mwa 2018 nchi yetu iliikubali: vidonge kwa siku 10, na kwa wagonjwa wengi hakuna tena haja ya sindano. Leo wagonjwa wapya wa malale wa aina hii duniani hawafiki 1,000 kwa mwaka. Safari hii ugonjwa umeshuka bila lazareti ya askari.

Mradi wa Kasongo

Sasa tufike kwenye jambo la pili linaloitambulisha Kasongo duniani. Mwaka 1971, Taasisi ya Matibabu ya Nchi za Joto ya Anvers, Ubelgiji, ilianza kazi hapa pamoja na serikali ya Zaire. Kazi hiyo iliitwa Mradi wa Kasongo. Wakuu wake wa Anvers, Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, waliuliza swali ambalo wakoloni hawakuuliza: mtu wa kijiji mwenyewe anaomba nini?

Jibu lilikuwa wazi. Haombi kupimwa shingo. Anaomba mtoto wake mwenye homa atibiwe karibu na nyumbani, na mtu anayemjua, kwa bei anayoweza. Basi walianza hapo. Walijenga vituo vya afya kimoja kimoja, kila kimoja kikitunza watu elfu kadhaa, si umati usiojulikana. Muuguzi alitibu magonjwa ya kila siku. Karatasi ya mgonjwa ilikaa kituoni, ili akirudi wasianze upya. Aliyezidiwa alitumwa hospitali ya Kasongo na barua, na hospitali ilimrudisha kituoni na jibu. Malipo yalikuwa ya mara moja kwa ugonjwa mzima, si kila siku bei mpya. Na palikuwa na kamati za wananchi za kuzungumza na wauguzi.

Juu ya msingi huo ndipo waliongeza kupima watoto kilo, kliniki ya wajawazito na chanjo. Mama aliyepata dawa ya homa jana alikubali sindano ya surua leo, kwa sababu aliyemdunga mtoto ndiye aliyemponya.

Mwaka 1978 nchi za dunia zilikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovyeti, zikatangaza kwamba afya ya msingi ni haki ya wote. Kasongo ilikuwa imeshaanza. Na katikati ya miaka ya 1980, Zaire iliigawa nchi yote katika zoni za afya 306, ikitumia mafunzo ya Kasongo na ya sehemu nyingine chache kama Bwamanda. Ukisema leo "zoni ya afya ya Kabambare" au "ya Kunda" au "ya Lusangi", unatamka neno ambalo Kasongo ilisaidia kulizaa.

Ubishi wa surua

Mwaka 1981 timu ya Kasongo ilichapisha katika jarida la The Lancet, la Uingereza, makala iliyozua ubishi dunia nzima. Walifuata watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, wakahesabu nani aliishi. Waliona kwamba chanjo ilipunguza vifo katika umri ambao surua hushambulia sana. Lakini baadaye, walisema, faida ilipungua: baadhi ya watoto dhaifu waliookolewa na surua walichukuliwa na magonjwa mengine na njaa.

Wakati huo mashirika makubwa yalikuwa yakisema kwamba fedha hazitoshi, kwa hiyo nchi maskini zichague magonjwa machache yenye kuokoa watu wengi kwa bei ndogo, na mengine yasubiri. Hiyo ni hesabu ya Bentham iliyovaa suti mpya. Watu wa Kasongo na Anvers walijibu: mtoto si surua peke yake. Ukimkinga na ugonjwa mmoja ukamwachia njaa, malaria na maji machafu, umeokoa hesabu yako, hujamwokoa mtoto.

Wengine hawakukubaliana na hesabu zao. Mtafiti Peter Aaby, kwa kazi yake ya Guinea-Bissau, alionyesha kwamba chanjo ya surua hupunguza vifo hata zaidi ya vile vya surua yenyewe. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Kasongo ilithibitisha chanjo haina faida. Chanjo ya surua inaokoa, mpeleke mtoto. Kilichobaki imara katika hoja ya Kasongo ni kile cha maadili: serikali haiwezi kuchagua kipande kimoja cha mtu, ikakitunza kwa sababu ni rahisi, na kusema imemaliza deni.

Somo hilo katika miaka yetu

Tazameni Kivu ya Kaskazini. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Magari, fedha na wataalamu walimiminika. Hata hivyo timu zilipigwa mawe, na wafanyakazi wa afya waliuawa. Watu wa Beni waliuliza: miaka yote hii tunachinjwa, hamkuja, leo mmekuja kwa ugonjwa mnaouogopa ninyi? Wakati huo huo, katika mwaka 2019 na siku za kwanza za 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wakiwa watoto wadogo. Ni vifo zaidi ya mara mbili ya vile vya Ebola, na kelele kidogo.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, Tunda, teritware ya Kibombo, jimbo letu hili. Huko na Kole, Sankuru, palifanywa majaribio ya dawa ya mpox iitwayo tekovirimati, kwa wagonjwa 597. Matokeo yalitolewa Agosti 2024: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini katika wagonjwa wote, waliopewa dawa na wasiopewa, waliokufa walikuwa 1.7 kwa mia, wakati kiwango cha kawaida nchini kilikuwa 3.6 kwa mia au zaidi. Wagonjwa hao walilazwa, walilishwa, vidonda vyao vilisafishwa, waliangaliwa usiku na mchana. Kuna ushahidi gani zaidi? Utunzaji wenyewe ni dawa. Na mtu akiambiwa "ukae hapa ututengane na wengine", lazima utunzaji huo awe nao hapo alipotengwa.

Haki yetu imeandikwa wapi

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula imehakikishwa. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 inaeleza misingi ya afya ya umma. Wanasheria waliokutana Siracusa, Italia, mwaka 1984 waliweka vipimo vya kubana uhuru wa raia: kuwe na sheria, kuwe na sababu ya kweli, njia iwe ile isiyoumiza zaidi ya inavyohitajika, na isiwe ya ubaguzi.

Kwa familia zilizokimbia, kuna Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009. Unazitaka serikali kuwapa waliokimbia ndani ya nchi chakula, maji, malazi na matibabu, na pale inapofaa kuwasaidia pia wenyeji waliowapokea. Maneno hayo yanagusa nyumba nyingi za Kasongo, ambako chungu kimoja kinalisha familia mbili. Haki ya afya haikubaki Salamabila pamoja na mlango uliovunjwa. Mtu hutembea nayo.

Tunajua pia yaliyoandikwa na yanayotendeka si kitu kimoja. Mahali pengi katika nchi yetu mama aliyejifungua huzuiliwa hospitali mpaka mumewe alete franga. Muuguzi naye hukaa miezi bila mshahara, akiishi kwa zile franga za wagonjwa. Tukimlaumu yeye peke yake tunakosea mlango. Serikali iliyoacha kumlipa ndiyo iliyohamisha deni lake kwenye bega la mgonjwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nawe msikilizaji, watu wa afya wakija na amri, msikimbilie porini kama wa Uele, wala msinyamaze. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kila eneo la afya lina kamati yake, CODESA, na lina RECO wanaopita nyumba kwa nyumba. Waiteni, muulize wazi wazi. Ugonjwa huu unawadhuru wengine, au mimi peke yangu? Amri hii ni ya muda gani, na nani aliyeitoa? Nikitengwa, nani atanilisha na kulea watoto wangu? Mkishamaliza ugonjwa huu mmoja, malaria ya mtoto wangu mtaitibu wapi na kwa bei gani? Na je, aliyefika jana kutoka Kabambare atahesabiwa pamoja na sisi?

Wakijibu vizuri, mkono tutautoa wenyewe. Wakikosa jibu, maswali hayo yapelekwe kwa daktari mkuu wa zoni, na kwa wale tuliowapigia kura. Mwaka 1905 hapakuwa na mtu wa kuulizwa hapa Kasongo. Leo wapo, na majina yao tunayajua.